Tumbo Tupu Kabla ya Kisu

Katika amri zote anazopewa mgonjwa hospitalini, ni chache zinazodharauliwa upesi kama ile ya kutokula kabla ya kupasuliwa. Dawa chungu mgonjwa huimeza, na sindano huivumilia. Lakini anapoambiwa jioni kwamba asitie chakula kinywani mpaka atakapotolewa katika chumba cha upasuaji, yeye na jamaa zake huanza kunung'unika. Jamaa wametoka mbali na vyombo vya chakula mikononi. Wanamwona mtu wao amedhoofika, na kwa desturi za watu wengi wa Afrika mgonjwa hubembelezwa ale ili apate nguvu. Ndipo kipande cha samaki hupitishwa chini ya shuka muuguzi akiwa amegeukia upande wa pili. Kitendo hicho hufanywa kwa mapenzi, lakini chaweza kumwua mtu yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mji kama Kashikishi. Mji huo mdogo uko ukingoni mwa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Kongo. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Mtakatifu Paulo, iliyoasisiwa na misheni ya Kikatoliki. Wanaoitegemea ni wavuvi na wakulima wa mihogo wa ukanda wa ziwa, pamoja na watu wa visiwa vya Isokwe na Kilwa, yaani Kilwa ya Mweru wala si ile ya pwani ya Tanzania, ambao njia yao ni mashua. Tangu mwaka 2018 wako pia wakimbizi wa Kongo waliopokewa katika makazi ya Mantapala, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Kutoka hapo hadi Mansa, makao makuu ya mkoa, ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Mgonjwa akizidiwa juu ya meza ya upasuaji katika mahali kama hapo, hakuna hospitali kubwa zaidi iliyo karibu ya kumkimbizia.

Mpaka wa nchi mbili unapita ziwani, na penye mpaka askari hawakosekani. Mashua ikipinduka, mvuvi akiumwa na mamba, pikipiki ikigongana na baiskeli, au mama mjamzito akikwama kisiwani usiku, mara nyingi polisi au mwanajeshi ndiye mwenye redio ya mawasiliano, gari au mashua yenye mashine. Hali ni hiyo hiyo kwa askari walioko ukingoni mwa Tanganyika, Nyasa na Viktoria. Kwa hiyo amri ya tumbo tupu inamhusu askari mara mbili. Kwanza inamhusu kama mgonjwa wa kesho, kwa kuwa kazi yake ni ya hatari. Pili inamhusu kama mchukuzi wa majeruhi, ambaye matendo yake njiani huweza kuirahisisha kazi ya daktari au kuiharibu.

Kila mtu anajua maana ya kupaliwa. Tone la maji au chembe ya ugali ikikosea njia, mtu hukohoa kwa nguvu, machozi yakamtoka, mpaka kile kilichokosea njia kimerudi. Kooni kuna njia mbili zinazokaribiana: moja ni ya chakula, iendayo tumboni, na nyingine ni ya hewa, iendayo mapafuni. Mtu anapomeza, kifuniko kidogo hulala juu ya njia ya hewa. Na kitu kikipenya hata hivyo, kikohozi hukitoa. Aidha, mwishoni mwa njia ya chakula, pale inapoingia tumboni, kuna msuli wa mviringo unaokaza kama kamba ya mdomo wa gunia, nao huzuia chakula kurudi juu. Walinzi hawa hawaachi lindo usiku wala mchana, hata mtu akiwa amelala usingizi wake wa kawaida.

Lakini nusukaputi si usingizi wa kawaida. Dawa hiyo huwaondoa walinzi wote katika lindo kwa wakati mmoja. Msuli wa mdomo wa tumbo hulegea, kifuniko cha koo hakifungi, na kikohozi hakiji. Iwapo tumbo lina chakula, chakula hicho huweza kupanda mpaka kooni bila kelele, kisha kikateremka katika mapafu. Vipande vigumu huziba njia ya hewa, na mgonjwa akakosa pumzi pale pale. Majimaji nayo yamechanganyika na tindikali ya tumbo, ambayo kazi yake ni kulainisha nyama na kuua vijidudu. Tumbo limeumbwa liivumilie tindikali hiyo. Mapafu hayakuumbwa hivyo. Ikiyafikia huyaunguza, yakavimba na kujaa maji, na mgonjwa aliyetoka salama kisuni akafa siku ya pili au ya tatu kwa kushindwa kupumua.

Aliyelieleza jambo hili kwa uwazi mkubwa ni daktari wa Kimarekani, Curtis Mendelson, mwaka 1946. Alichunguza kumbukumbu za uzazi 44,016 katika hospitali moja ya New York, kati ya mwaka 1932 na 1945, akakuta akina mama 66 ambao vitu vya tumboni viliingia mapafuni walipokuwa chini ya dawa ya usingizi. Wawili kati yao walikufa kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Kisha Mendelson alitia tindikali katika mapafu ya sungura, akaona yakiharibika kama yalivyoharibika ya wagonjwa. Mtu aweza kusema kwamba 66 katika 44,016 ni idadi ndogo. Hata hivyo, hao walikuwa akina mama waliokwenda kujifungua, wala hawakupelekwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu. Madhara yaliyowapata yalitoka katika chakula walichokuwa nacho tumboni, na huo ni msiba unaoweza kuzuiwa.

Swali linalofuata ni hili: chakula hukaa tumboni kwa muda gani? Mmoja wa watu wa kwanza kulijibu kwa ushahidi wa macho alikuwa mwanajeshi. William Beaumont alikuwa daktari katika Jeshi la Marekani, kwenye kituo cha Fort Mackinac karibu na mpaka wa Kanada. Tarehe 6 Juni 1822 aliletewa kijana mmoja wa biashara ya ngozi za wanyama, Alexis St. Martin, aliyepigwa risasi ya bunduki ubavuni kwa bahati mbaya. Kijana alipona, lakini jeraha liliacha tundu lililoingia tumboni moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1825 Beaumont alikuwa akifunga vipande vya vyakula mbalimbali kwa uzi, akivitia katika tundu hilo, na kuvitoa baada ya muda ili aone vimesagika kiasi gani. Kwa mizani ya siku hizi majaribio hayo yana kasoro, maana St. Martin alikuwa mtu maskini aliyemtegemea daktari huyo kwa riziki yake. Hata hivyo, kitabu alichokichapisha Beaumont mwaka 1833 kiliweka msingi wa elimu ya tumbo. Aliandika kwamba vyakula vyenye mafuta hukawia kusagika, na kwamba hasira na fadhaa huivuruga kazi ya tumbo. Mambo hayo mawili yangali na maana katika kila hospitali ya leo.

Sababu ya mafuta kukawia ilifahamika baadaye. Mlango wa kutokea tumboni ni kama kizuizi cha barabarani. Askari wa kizuizi haruhusu magari yote kupita kwa mkupuo. Huangalia hali ya barabara iliyo mbele, akapitisha machache machache. Vivyo hivyo tumbo hukipeleka chakula katika utumbo mwembamba kidogo kidogo, kwa kadiri utumbo unavyoweza kukipokea. Maji matupu hayana mashaka, hupita haraka, na sehemu kubwa yake huwa imekwisha kutoka kabla ya saa moja kumalizika. Wanga huchukua muda mrefu zaidi. Mafuta ndiyo yanayosimamishwa kuliko vyote.

Mafuta husimamishwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito wa nguvu iliyomo ndani yake: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga ina kalori 4 tu. Ya pili ni kwamba mafuta hayachanganyiki na maji, na mwili wote wa mtu hufanya kazi zake kwa maji. Hapana budi kwanza nyongo iyavunje katika matone madogo sana, kama sabuni inavyoyavunja mafuta ya sahani, kisha maji ya kongosho yayakate vipande vipande ndipo utumbo uweze kuyafyonza. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa haraka. Kwa hiyo mafuta yanapogusa sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, chembe zilizomo katika ukuta wake humwaga katika damu homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo iligunduliwa mwaka 1928 na Ivy na Oldberg wa Chicago. Homoni hiyo hutoa amri mbili kwa pamoja. Kifuko cha nyongo huamriwa kubana na kutoa nyongo, na tumbo huamriwa kutulia na kufunga mlango. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba hata mafuta yaliyokwisha kufika mwisho wa utumbo mwembamba huweza bado kurudisha habari nyuma na kupunguza mwendo. Hivyo utumbo una breki mbili, moja mwanzoni na nyingine mwishoni, na zote mbili hukanyagwa na mafuta.

Sasa na viangaliwe vyakula vya ukingo wa Mweru. Ubwali wa mihogo huliwa kwa samaki, naye samaki mara nyingi hukaangwa. Chisense, ambao ni dagaa wa ziwa hilo, hukaushwa juani kisha hupikwa kwa mafuta au kwa karanga. Mboga za majani hupikwa kwa karanga zilizotwangwa, na chakula hicho huitwa ifisashi. Katika Bonde la Luapula mchikichi nao huota, na mawese yake mekundu hutumika jikoni. Haya yote ni vyakula vyema, na ni kosa kubwa kudhani kwamba mafuta ni adui. Bonde hilo la Luapula lilikuwa na historia ya watoto kupofuka, na mwaka 1988 watafiti wa Zambia walichapisha uchunguzi wao juu ya maradhi ya macho yatokanayo na upungufu wa vitamini A kwa watoto wadogo wa huko. Vitamini A haifyonzwi vizuri na utumbo pasipo mafuta, na mawese mekundu yana asili ya vitamini hiyo ndani yake. Kwa mtoto wa Nchelenge kijiko cha mawese katika mboga ni ulinzi wa macho yake. Kwa mtu anayelazwa juu ya meza ya upasuaji asubuhi, kijiko kile kile kilicholiwa alfajiri ni hatari. Chakula ni kimoja, ila saa ya kukila ndiyo tofauti.

Kutokana na elimu hiyo, vyama vya madaktari wa usingizi vimeweka vipimo vya muda. Kanuni za chama cha Marekani, zilizotolewa mwaka 1999 na kurudiwa mara kadhaa tangu hapo, zimefuatwa katika sehemu nyingi za dunia. Maji safi yasiyo na kitu ndani yake, pamoja na chai ya rangi, huruhusiwa mpaka saa 2 kabla ya nusukaputi. Mtoto anayenyonya huachishwa ziwa la mama saa 4 kabla. Maziwa ya ng'ombe na chakula chepesi kisicho na mafuta huachwa saa 6 kabla. Chakula cha kukaanga, chenye mafuta mengi, au nyama, huhitaji saa 8 au zaidi. Kwa mfano, mtu atakayepasuliwa saa tatu asubuhi asile chochote cha mafuta baada ya saa saba usiku. Asinywe maziwa wala asile chakula chepesi baada ya saa tisa usiku. Na maji safi, iwapo daktari ameyaruhusu, yakome saa moja asubuhi. Ikumbukwe kwamba chai ya maziwa si maji. Uji si maji, na munkoyo nao si maji. Mgonjwa asemaye kwamba amekunywa tu huenda kwa kweli amekula.

Pamoja na hayo, kuzidisha amri ni kuivunja kwa upande mwingine. Katika hospitali nyingi mgonjwa huambiwa asile wala asinywe tangu jioni, kisha zamu yake isifike mpaka mchana au jioni ya siku ya pili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kutoka hospitali ya Chuo Kikuu cha Gondar, Ethiopia, ulionyesha kwamba wagonjwa wengi walikaa bila kula na kunywa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Njaa na kiu vya namna hiyo humdhoofisha mzee, humtesa mtoto, na humfanya mgonjwa wa kisukari kuwa katika hatari. Aidha, ndivyo vinavyomshawishi mtu kula kwa kificho. Kwa sababu hiyo ni wajibu wa mgonjwa na jamaa kuuliza saa kamili: chakula kikome saa ngapi, na maji yakome saa ngapi. Kuuliza si utovu wa nidhamu. Amri ikieleweka vizuri hutimizwa vizuri.

Yaliyosemwa mpaka hapa yanahusu upasuaji uliopangwa. Lakini katika hospitali za wilaya wagonjwa wengi wa kisu hawakupangiwa siku. Huja mama ambaye mtoto amekwama, mtu ambaye henia yake imenyongeka, mgonjwa wa homa ya matumbo ambaye utumbo umetoboka, au majeruhi wa ajali. Kwa watu hawa hesabu ya saa haitoshi. Beaumont aliona kwamba fadhaa huvuruga tumbo, na elimu ya leo imethibitisha kwamba maumivu, woga na kutoka damu huweza kulifanya tumbo lisimamishe kazi yake kwa muda mrefu. Dawa kali za maumivu kama mofini huzidisha hali hiyo. Uchungu wa uzazi nao hulichelewesha tumbo, na mimba yenyewe huulegeza ule msuli wa mdomo wake.

Kwa hiyo kwa majeruhi kipimo chenye maana ni muda uliopita kati ya kula na kuumia, kuliko muda uliopita tangu kula. Askari aliyekula samaki wa kukaanga saa saba mchana, akapigwa na gari saa nane, na kufikishwa hospitalini saa nne usiku, amekaa saa 9 bila kula. Mtu asiyejua atasema tumbo lake ni tupu. Kwa kweli lilifanya kazi kwa saa moja tu kabla ya ajali, na inawezekana sana kwamba samaki yule angali mle ndani. Daktari wa usingizi asiyeambiwa habari hii hupewa mgonjwa mwenye hatari iliyofichwa.

Akiambiwa, anazo njia za kujihami. Aweza kuchagua sindano ya mgongo, ambayo huufisha ganzi mwili wa chini na kumwacha mgonjwa macho, akiwa na kikohozi chake. Ikiwa lazima alazwe kabisa, humtia usingizi kwa haraka na kuingiza mpira wenye puto katika njia ya hewa, ili kitakachopanda kisipate mahali pa kupita. Mwaka 1961 daktari wa Uingereza, Brian Sellick, alifundisha mbinu ya msaidizi kubonyeza shingo kwa vidole ili kuifunga njia ya chakula kwa muda mfupi. Madaktari wa leo wanabishana juu ya manufaa yake, lakini katika sehemu nyingi ingali inatumika. Mashine ya kufyonza huwekwa tayari karibu na kichwa cha mgonjwa. Mambo haya yote huhitaji matayarisho, na matayarisho huhitaji habari za kweli. Hilo lina uzito zaidi katika nchi zenye upungufu wa wataalamu. Nchini Zambia mafunzo ya madaktari bingwa wa usingizi yalianzishwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu, Lusaka, mwaka 2011, na katika wilaya kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na maofisa tabibu wenye mafunzo maalumu.

Ili habari za kweli zisisahaulike, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi yenye mambo 19, ambayo husomwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Kabla ya mgonjwa kulazwa, wahudumu huulizana: huyu ni nani, anapasuliwa nini na upande gani, mashine na dawa zimekaguliwa, ana mzio wowote. Miongoni mwa maswali hayo limo hili: je, njia yake ya hewa ni ngumu, au kuna hatari ya vitu vya tumbo kuingia mapafuni? Kwa njia hiyo suala la samaki chini ya shuka limeingizwa katika kanuni za dunia nzima.

Na Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika kuzaliwa kwa orodha hiyo. Ilijaribiwa kwanza katika hospitali 8 za dunia, na moja kati ya hizo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto, New Delhi na Manila. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kabla ya orodha kutumika, wagonjwa waliokufa walikuwa asilimia 1.5, baada ya kutumika wakawa asilimia 0.8. Wale waliopata madhara makubwa walipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Orodha hiyo ni karatasi moja tu, isiyohitaji umeme wala fedha za kigeni. Inahitaji nidhamu. Askari anayeikagua silaha yake kabla ya kwenda doria, hata kama aliikagua jana, anaielewa maana ya karatasi hiyo kuliko raia wengi.

Haja ya nidhamu hiyo haijaisha. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja katika kila watano waliopasuliwa alipata madhara. Waliokufa walikuwa asilimia 2.1, ambayo ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa na umri mdogo zaidi. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea baada ya siku ya upasuaji. Sababu zake ni nyingi, na tumbo lililojaa ni moja tu kati yake. Lakini sababu nyingine zataka damu ya akiba, mashine, na wataalamu ambao huchukua miaka kuwafundisha. Hii moja yaweza kupunguzwa leo hii, na mtu asiye na cheo wala chombo chochote.

Wajibu wa askari katika jambo hili unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Anapomchukua majeruhi au mgonjwa ambaye huenda akapasuliwa, asimpe chakula, maziwa, uji wala pombe, hata akiombwa kwa machozi. Midomo iliyokauka inaweza kuloweshwa kwa kitambaa chenye maji. Na safari ikiwa ndefu, shauri la maji litafutwe kwa mhudumu wa afya kwa redio au simu. Majeruhi aliyepoteza fahamu, ikiwa hakuna dalili ya kuumia shingo au mgongo, alazwe ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili akitapika matapishi yatoke nje. Kisha askari aandike mambo manne katika karatasi na kuifunga mkononi mwa mgonjwa: saa aliyokula mwisho, alichokula, saa aliyoumia, na dawa au pombe aliyokunywa. Karatasi hiyo ikabidhiwe kwa mhudumu anayempokea, kama vile lindo linavyokabidhiwa kwa anayeingia zamu.

Wakubwa wa vikosi nao wana sehemu yao. Askari wa chini anapotakiwa kupasuliwa, apewe ruhusa mapema, asitolewe zamu ya usiku na kula kantini alfajiri kisha akimbie hospitalini. Na askari mwenyewe akiwa mgonjwa, akumbuke kwamba muuguzi anapouliza kama amekula, swali hilo si la kumtafutia kosa. Anayekiri kwamba alikula mkate wa mafuta asubuhi ataahirishiwa upasuaji kwa saa chache au kwa siku moja, naye atarudi nyumbani kwake. Anayeficha kwa kuona haya au kwa kuchoka kungoja, ameuondoa mkononi mwa daktari ulinzi pekee uliokuwa umebaki, kwa maana walinzi wa koo lake watakuwa wamelala pamoja naye.

Jamaa wanaongoja nje ya wodi ya Kashikishi na vyombo vya samaki, kama wale wanaongoja Ifakara au Kigoma, hawastahili kukemewa. Wanastahili kuelezwa. Chakula chao kina kazi kubwa ya kufanya, kwa kuwa kidonda hakiponi pasipo lishe na nguvu hazirudi pasipo mafuta. Wakifunike, wakiweke mahali safi, na kumngoja daktari aseme kwamba mgonjwa ameamka, anakohoa, na anaweza kumeza.